Fungu la Chiriku

4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu za kila mtu wa nyumba hii, hata wale ambao hawajui kwamba nakuandikia. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, ambao ni ule ule. Wifi yako hajambo; alipatana na jirani wa ukuta, wakakosana tena siku hiyo hiyo. Kijana wangu mkubwa amepata kazi ya kupima mizigo ghalani, kwa hiyo sasa mimi natengeneza mizani na yeye anaziharibu. Natumaini huko nako hakuna baya, na kwamba bosi wenu wa sare za shule amewalipa ule mshahara wa mwezi wa kumi na mbili.

Sasa kaa kitako, maana hili ninalokuambia hata mimi sijalizoea.

Yuko muuza mchele mmoja sokoni ambaye mizani yake inaharibika kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu akichoka anaikalia. Mwezi uliopita nilimbadilishia springi, nikaunyoosha mshale, nikaigonga lakiri ya risasi ya kuifunga isichezewe. Kufika kwenye malipo hana chenji. Akanipa tiketi ya bahati nasibu, akasema, "Ratili, shika hii, thamani ni ile ile." Nilinuna, nikaitupia kwenye kopo la skrubu. Wifi yako ndiye aliyeiona alipokuwa anatafuta skrubu ya mpini wa sufuria. Gazeti lilikuwa mezani, limefungia vitunguu. Nambari sita, Chiriku, na zote sita ni zetu.

Wamekwisha kunilipa. Pale dirishani walikata kodi hapo hapo, wakanipa karatasi ya manjano ya kuthibitisha kwamba wamekata. Kwa hiyo mimi na serikali tumemalizana. Kilichobaki ni kingi kuliko nilichopata kwa miaka yote ya kushika bisibisi.

Robo ni yako. Nimeitenga benki peke yake, haichanganyiki na yangu. Baba angekuwa hai angeigawa hivyo hivyo. Niambie tu nikutumie kwa njia gani. Usinipigie simu, nimeizima, maana tangu habari zitoke ilikuwa inalia mpaka inapata moto.

Kaka yako,
Ratili

18 Februari
(Barua hii haikutiwa posta.)

Kaka yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa macho yangu, na mara ya tatu nimesomewa na mama mwenye nyumba, kwa sababu mistari ya mwisho ilikuwa inapandana. Najua ukifika hapo utauliza kwa nini nasomewa. Ngoja nikuambie moja kwa moja, maana nikizunguka sitafika.

Nina presha ya macho. Mwaka jana nilianza kuona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Katikati naona vizuri, pembeni hakuna kitu. Nilidhani ni uchovu. Nikawa nagonga meza, nagonga watu, nikishona natoboa kidole changu. Bosi amenitoa kwenye matundu ya vifungo, kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa, amenipeleka kukunja mashati. Jicho la kulia limekwisha zaidi ya nusu. Daktari ameniambia, "Kilichopotea hakirudi, mama. Tunaweza kuokoa kilichobaki." Ni upasuaji, na anataka ufanyike kabla mwezi wa sita haujaisha. Baada ya hapo haahidi chochote. Gharama yake, kwa mshahara huu wa kukunja, ni kama miaka minne bila kula.

Halafu ikaja barua yako. Nimelia, kaka, na safari hii si kwa huzuni.

Lakini nikiyatazama haya niliyoandika, naona nimeomba. Unakumbuka tulivyolelewa. Baba akirudi lindoni asubuhi, jirani akituita tukanywe chai kwake, tulikataa. Akiita tena, tulikataa tena, na huku matumbo yanaunguruma. Akiita mara ya tatu ndipo Baba anatupa jicho, tunakwenda. Kwetu mtu haombi, na akipewa anakataa mara mbili, kwa sababu anayetoa kwa moyo hachoki kuita mara ya tatu. Hata uliponipa viatu vyako nikaanzie shule nilikukatalia mara mbili, wakati nilikuwa peku.

Kwa hiyo hii siipeleki. Nitaandika nyingine, ya kukataa. Utaniuliza tena, nitakataa tena. Kufika mwezi wa tano utakuwa umeniuliza mara ya tatu, na nitapokea kwa mikono miwili. Muda unatosha.

19 Februari

Kaka yangu, shikamoo.

Tunakusalimu sote wa chumba hiki, yaani mimi na cherehani. Mama mwenye nyumba naye anakusalimu. Tangu asikie habari zako ananipikia chai yenye sukari. Bosi ametulipa nusu, ile nusu nyingine ameahidi kwa uso wa huzuni sana. Joto bado ni kali. Mgongo wako uufunge kitambaa cha moto, usijifanye kijana.

Nimecheka peke yangu kama mwehu. Yaani muuza mchele wa watu amekukabidhi utajiri kwa sababu ya kukosa chenji. Mpe hata mkeka wa kukalia, aache kukalia mizani.

Kuhusu hilo fungu langu, kaa nalo kwanza. Mimi sina shida kwa sasa. Nyumba yako ina watu wengi na mimi ni mtu mmoja mwenye sufuria mbili. Jenga, somesha, mnunulie wifi kitu kizuri. Nitafurahi kusikia.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu Chiriku, marahaba.

Huku wote wazima. Wifi yako amepata friji na sasa anagandisha hata vitu ambavyo havijawahi kugandishwa. Tumeongeza vyumba viwili upande wa nyuma, bado havijapakwa chokaa. Nimenunua pikapu ndogo ya kubebea mizani kubwa za maghala. Naiendesha polepole, mpaka watu wa miguu wananipita.

Ila nikuambie ukweli, sina raha. Mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye nilikuwa nimeshamzika moyoni, alinitokea mlangoni mzima kabisa, anataka paa. Mtu mmoja alileta mizani isiyo na kasoro yoyote ili apate sababu ya kukaa kibandani kwangu na kunieleza habari za ada za wanawe. Mwingine alilia. Simjui, hanijui, analia. Wote nimewapa. Nimewaandika kwenye daftari, jina na kiasi, si kwa kudai, ni ili nisimpe mtu mmoja mara mbili. Mwanzoni nilikuwa nawaonea huruma. Sasa mtu akinisalimu tu, nasubiri pale salamu zitakapoishia. Hawaniiti Ratili tena, wananiita Bosi, hata wale tuliokuwa tunakopeshana sabuni.

Fungu lako liko pale pale benki, sijaligusa. Nikutumie? Usione haya, ni lako.

Halafu mbona herufi zako zimenenepa hivi? Barua ya mistari kumi imekula kurasa tatu. Unaandika kama mtoto aliyeanza shule juzi.

Kaka yako,
Ratili

2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima. Mama mwenye nyumba anasafiri kwa binti yake aliyejifungua, kwa hiyo nyumba itakuwa kimya. Kazini nimehamia kwenye kukunja mashati. Ni kazi ya kukaa, na mimi si msichana tena, nashukuru. Karibu yangu anakaa fundi pasi, bwana mmoja mtu mzima asiyejua kunong'ona. Akisema siri, karakana nzima inaisikia.

Herufi zimenenepa kwa sababu ya kalamu, hii niliyonunua ni nene. Usiwe unachunguza watu kama mkaguzi.

Pole na wageni wako. Najua moyo wako, hujui kufunga mlango. Lakini usimkasirikie kila anayekusalimu, kaka, wengine wanakusalimu tu.

Fungu langu tena? Si nilikuambia kaa nalo. Sina shida nalo. Basi, kama moyo wako bado unakusukuma, hayo ni yako na moyo wako, mimi sitakufundisha. Nangoja barua yako. Nakusihi safari hii usikawie kuandika.

Mdogo wako

28 Juni

Mdogo wangu Chiriku, marahaba.

Najua nimekaa kimya karibu miezi mitatu, na najua uliniambia nisikawie. Wifi yako mzima. Watoto wazima. Mimi nimekonda kidogo, suruali zinataka mkanda.

Mwezi wa tano niliitwa ofisi ya kodi. Nilikwenda na karatasi yangu ya manjano, nimevaa lile shati la arusi na misiba. Karani, binti mdogo mwenye miwani, aliisoma akanirudishia. Akasema kilichokatwa dirishani ni kodi ya zuio, yaani kianzio tu. Ule ushindi unajumlishwa na mapato yangu yote ya mwaka, na mtu mwenye mapato ya namna hiyo analipa kwa kiwango cha matajiri. Nikamwambia, "Binti yangu, mimi si tajiri, mimi ni fundi mizani." Akasema, "Kwa mwaka huu mmoja, mzee, wewe ni tajiri." Kulikuwa na fomu ya kujaza kabla mwezi wa tatu haujaisha. Sikuijaza, sikujua kama ipo. Kwa hiyo juu yake kuna faini.

Nilimwonyesha daftari langu la watu niliowapa. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, nadhani alinionea huruma. Kisha akalifunga. "Kutoa ni hiari yako, mzee," akasema. "Kodi si hiari."

Nikaanza kuwazungukia waliochukua. Wengine walitorokea mlango wa nyuma. Mwalimu wa darasa la nne alinionyesha paa lake, akaniuliza kama nataka kulipanda na kuling'oa. Muuza mchele, niliyempa mizani mpya kabisa, alinipa tiketi nyingine ya bahati nasibu, akacheka. Niliuza pikapu kwa nusu ya bei. Niliuza friji. Bado haikutosha, na walinipa tarehe ya mwisho, baada ya hapo wangekuja kuandika vitu vya kibandani.

Mdogo wangu, kilichobaki kilikuwa lile fungu lako. Umeniandikia mara mbili kwamba huna shida nalo. Katika watu wote ninaowajua, wewe peke yako hukuninyooshea mkono, na jambo hilo limenipa nguvu kuliko unavyofikiri. Basi nimelipia kodi. Risiti ninayo, deni limekwisha. Mungu akinijalia nitakurudishia kidogo kidogo.

Kaka yako,
Ratili

16 Julai

Kaka, shikamoo.

Barua imefika. Nimefurahi deni limekwisha, serikali si mtu wa kubishana naye. Umefanya vizuri. Usijisumbue kurudisha.

Huku hakuna jipya. Mvua zimepungua. Fundi pasi anakusalimu, ingawa hamjuani. Msalimu wifi, wasalimu na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka.

Sitaandika mengi leo, mkono umechoka.

Mdogo wako

9 Septemba

Mdogo wangu,

Hii ni barua yangu ya pili tangu ile yako fupi ya mwezi wa saba, na ya kwanza hukuijibu. Simu nimeiwasha, haimsumbui mtu tena. Nimekupigia, yako haipatikani.

Huku tumerudi tulipokuwa. Asubuhi nafungua kibanda, naning'iniza mawe ya mizani mlangoni, nangoja. Sasa wananiita Ratili tena. Wale waliokuwa wananiita Bosi wananisalimu kwa haraka, kama watu wanaowahi gari. Kusema kweli nimeona afadhali. Wifi yako hajazoea bado, ila hanilaumu mbele ya watoto.

Barua yako ile mistari yake imepanda mlima. Mstari wa mwisho umeandikwa juu ya mwingine. Nimeitazama mara nyingi. Chiriku, wewe ni mtu wa maneno, tangu utotoni hatukuweza kukunyamazisha, ndiyo maana tukakupa jina hilo. Mbona umeninyamazia? Kama umekasirika, kasirika kwa maneno, nitasikia.

Lipo jambo nataka kukuambia, lakini naona mkono wangu hautaki kuliandika. Tukionana nitakuambia.

Kaka yako

3 Oktoba

Kaka, shikamoo.

Ninasema, na fundi pasi ndiye anayeandika, kwa hiyo ukikuta makosa ni yake. Mimi ni mzima. Barua zako zote mbili nimezipata na nimesomewa. Sikukasirika. Nilikuwa na shughuli nyingi, na simu yangu iliangukia ndooni. Kazini nimeacha, nimeona nipumzike. Cherehani nimeiuza kwa jirani, ilikuwa inachukua nafasi tu chumbani. Mama mwenye nyumba amerudi na ananitazama vizuri. Usiwe na wasiwasi. Msalimu sana wifi, na huyo kijana wa ghalani mwambie awahi kuoa, nataka kuitwa bibi.

Mdogo wako

Mzee Ratili, hapa sasa ni mimi mwenyewe fundi pasi ninaandika, yeye hajui. Ameniambia nifunge bahasha, nami nimemwambia nimefunga.

Dada si mzima. Haoni. Jicho la kulia limezima kabisa tangu mwezi wa nane. La kushoto linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita, basi. Hakuacha kazi, aliachishwa, siku alipokunja mashati themanini ndani nje. Mimi nilikuwa namsahihishia kwa siri, siku hiyo sikuwahi. Nimempeleka mwenyewe hospitali mara mbili. Daktari anasema wakati wake ulikuwa kabla ya mwezi wa saba, kumpasua sasa ni kumtesa bure.

Alipouza cherehani alinipa yaliyomo kwenye droo nikayatupe. Humo nimekuta karatasi hii ninayoikunja pamoja na barua. Ni ya kwako, ya mwezi wa pili. Niliisoma kwanza, unisamehe. Nimekaa nayo siku nne nikifikiri kama ni haki kuituma. Nimeona si haki wewe kulala usingizi wakati yeye anakutungia vichekesho. Kama nimekosea, nimekosea.

25 Oktoba

Mdogo wangu Chiriku,

Fundi pasi, nakuomba umsomee yote, usiruke neno kwa kumhurumia yeye wala kunihurumia mimi.

Mdogo wangu, nimeisoma ile barua yako ya mwezi wa pili ambayo hukuituma. Fundi pasi aliitia ndani ya barua yako ya juzi, usimlaumu, amefanya kazi ambayo ilikuwa yangu. Sijui niandike nini kuhusu macho yako. Nimeanza mara nyingi na kila neno naliona ni la mtu asiyehusika. Nimelia mbele ya wateja. Wifi yako amefunga kibanda akanirudisha nyumbani.

Najua unaniwazia vizuri kuliko ninavyostahili. Unadhani nilisahau. Unadhani pesa na watu na kelele vilinitoa akilini, nikasahau tulivyolelewa, nikakuuliza mara mbili kama wanavyouliza watu wengine, basi. Ukiniwazia hivyo utanisamehe, na mimi sitaki msamaha wa uongo.

Sikusahau, Chiriku.

Barua yako ya mwezi wa nne ilipofika, nilimwambia wifi yako, "Hii ni ya pili, sasa atapokea." Nilikaa mezani nikakuandikia. Nakumbuka nilichoandika: "Mdogo wangu, nakuita mara ya tatu, pokea." Na nilikuwa nimeona herufi zako. Niliona zinavyonenepa, na sikuamini habari ya kalamu. Sikujua kama ni macho, Mungu ni shahidi, lakini nilijua ni kitu. Nilichelewa kuitia posta, leo kesho, leo kesho, kwa kazi za kupaka vyumba chokaa. Nikaikuta bado iko mezani siku niliyorudi kutoka ofisi ya kodi.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuuza vile vyumba viwili vya nyuma. Mnunuzi alikuwepo, yule jirani wa ukuta, angevunja tu ukuta akaviunga na kwake. Lakini wifi yako alikuwa amekwisha kutundika mapazia, na kijana alikuwa amekwisha kuhamishia humo kitanda. Njia ya pili ilikuwa fungu lako. Nikaichukua ile barua nikaichana vipande vipande. Niliichana kwa sababu nilijua nikikuuliza mara ya tatu utasema ndiyo.

Halafu nikakuandikia kwamba umenipa nguvu kwa kutokuniomba.

Hilo ndilo jambo ambalo mkono wangu ulikuwa hautaki kuliandika. Vyumba bado viko, vina mapazia. Jirani ninayemzungumzia bado anavitaka. Nilimuuliza daktari wa huku kama pesa zikipatikana leo zitafanya nini, akaniambia kama alivyokuambia wa kwako. Kwa hiyo sina cha kukupa. Nataka kuja, lakini sijui kama nina uso wa kuja nao. Ukisema nisije, sitakuja, wala sitakuuliza kwa nini.

Kaka yako

17 Novemba

Kaka,

Fundi pasi ndiye anayeandika. Nimemkataza kurekebisha maneno yangu, na nimemwapisha asiongeze yake.

Alinisomea barua yako Jumapili moja, yote, hakuruka. Nilimwambia arudie pale penye mapazia. Akarudia. Kisha nikamwomba atoke nje kidogo. Kwa wiki mbili tangu siku hiyo mama mwenye nyumba alikuwa ananiwekea chai mlangoni na kuondoka.

Sitakuambia kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu. Ni macho yangu. Asubuhi namimina maji ya moto huku nimetia kidole ndani ya kikombe, nijue yamefika wapi. Nilikuwa naweza kutofautisha uzi mweusi na wa bluu iliyokoza kwa kuutazama mara moja tu. Sasa fundi pasi ananishika mkono kuvuka barabara, na mimi namcheka ili asilie.

Nami nina sehemu yangu, siikatai. Neno moja lingetosha. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na kalamu, na nilikuwa na jicho zima la kushoto. Nilitaka unione bila kukuambia. Nilikaa hapa mwezi wa tano wote, posta ikifunguliwa nakwenda, naulizia barua, narudi. Nilipopata ile ya mwezi wa sita nilisema, kaka yangu amechoka, amesahau. Hilo niliweza kulibeba. Ungekuwa umesahau, ningekusamehe siku hiyo hiyo. Kumbe uliniona, ukapita. Hilo kaka, sijui nitaliweka wapi, na linaniuma kupita macho.

Kwa hiyo sijakusamehe. Sikuambii hivi nikiwa na hasira, hasira zimekwisha. Nakuambia ili usije ukadhani umeitwa kwa sababu yamekwisha.

Vyumba usiuze. Kijana akioa atalala wapi? Na pesa usilete, hata nauli ya kunipeleka hospitali usilete.

Lakini njoo. Njoo mchana, jua likiwa kali, uje usimame mlangoni kabla hujaingia, usiseme kitu. Jicho la kushoto bado linapata kivuli cha mtu akisimama kwenye mwanga. Nikutazame hivyo, nijue mabega yako yalipo. Daktari ameniambia litaendelea kupata mwanga mpaka Januari, labda, na labda hapana. Sina ndugu mwingine wa kumtazama. Ukiipata hii, njoo wiki hiyo hiyo.

Mdogo wako